Kipimo cha Kweli Kwanza: Mifumo ya Kudhibiti na Kufuatilia Mitambo Inakoelekea

Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, wateja wa umeme wa malipo ya kabla nchini Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi walitakiwa kuingiza kwenye mita zao namba za ziada zenye tarakimu 20, ndipo mita ipokee tokeni waliyonunua. Wengi waliona ni usumbufu tu. Sababu ilikuwa hii: kila tokeni hubeba alama ya dakika iliyotolewa, na dakika hizo zilikuwa zikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216. Siku hiyo ya Novemba dakika hizo zilikuwa zinakwisha. Hesabu ikirudi sifuri, mita ambayo haikurekebishwa huona tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa.

Mita ya umeme ni kifaa cha udhibiti ambacho karibu kila kaya ya mjini inakigusa kwa mkono, na kisa chake kinaonyesha tabia kuu ya vifaa vya aina hii: vinaishi muda mrefu sana. Kompyuta ya ofisini hubadilishwa baada ya miaka michache. Kidhibiti kilichofungwa kwenye pampu ya maji au kinu cha saruji kinaweza kufanya kazi miaka ishirini na zaidi bila kuguswa. Uamuzi wa wahandisi wa mwaka 1993 ulimfikia mtu aliyekuwa hajazaliwa. Ndiyo maana wananchi, na hasa wajumbe wa bodi za maji, wenye viwanda na maofisa ununuzi, wanapaswa kuelewa tunanunua nini leo.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kihisi kinapima kina cha maji tangini, kidhibiti kinalinganisha kipimo hicho na kiwango kilichowekwa, kisha pampu inawashwa au inazimwa. Hadi miaka ya 1960 kazi ya kulinganisha ilifanywa na rilei, yaani swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme, mamia yake zikiwa zimejazana kwenye makabati ya chuma, na kiwanda kikibadilisha bidhaa mafundi walilazimika kufumua nyaya upya. Kilio cha kampuni ya magari ya General Motors kuhusu hali hiyo ndicho kilichowapa soko Dick Morley na wenzake wa Marekani, waliobuni kuanzia mwaka 1968 kidhibiti kinachobadilishwa kwa programu badala ya bisibisi. Kiliitwa Modicon 084. Mafundi wetu wanaviita vifaa vya ukoo huo PLC, na juu yake huketi SCADA, yaani kompyuta zinazokusanya vipimo kutoka vituo vingi na kumwonyesha mwendeshaji picha nzima kwenye skrini.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon, iliyozaliwa na kidhibiti hicho, ilitoa utaratibu wa mawasiliano uitwao Modbus, ambao bado unatumika duniani kote. Modbus ya asili haiulizi anayetoa amri ni nani. Ukiiambia ifungue vali, inafungua. Hilo halikuwa kosa wakati waya wote ulikuwa ndani ya uzio wa kiwanda. Leo waya huo umeunganishwa na ofisi, ofisi na intaneti, na intaneti na simu ya meneja aliye safarini.

Mabadiliko yanayoonekana haraka zaidi ni kushuka kwa gharama ya kupima. Kihisi kidogo chenye betri sasa kinaweza kukaa miaka kadhaa kwenye chemba ya bomba na kutuma taarifa ya shinikizo kwa mtandao wa simu au redio. Kingine kinabandikwa kwenye mota na kusikiliza mtetemo wake, ili beringi inayoanza kuchakaa igundulike wiki kadhaa kabla haijakwama. Utaratibu wa mawasiliano unaotumiwa sana na vifaa hivi, MQTT, ulibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakifuatiliwa kwa setilaiti, ambako kila herufi iliyotumwa ilikuwa na gharama. Kwa mamlaka zetu za maji, zinazopoteza sehemu kubwa ya maji yaliyokwisha kusafishwa, sioni uwekezaji wenye faida ya karibu zaidi ya huu. Bomba linalovuja usiku wa manane huonekana kwenye grafu: watu wamelala, lakini maji bado yanapita.

Lakini kupima zaidi si kujua zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, wafanyakazi walikuwa wanawasha mnara wa kutenganisha mafuta wenye urefu wa zaidi ya mita 50. Kipimo cha kina cha kimiminika kilitengenezwa kusoma mita tatu hivi za chini tu. Mafuta yalipanda mpaka karibu na kilele, huku skrini ikionyesha kwamba kina kiko chini ya mita tatu na kinaendelea kushuka. Swichi ya kengele ya kiwango cha juu haikulia. Kiasi kilichokuwa kikiingia na kilichokuwa kikitoka vilionyeshwa kwenye skrini mbili tofauti, hivyo hakuna aliyefanya hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa shule ya msingi angeiweza. Mlipuko uliua watu 15 na kujeruhi 180.

Miaka kumi na moja kabla yake, Julai 1994, kiwanda cha mafuta cha Milford Haven nchini Uingereza kililipuka baada ya waendeshaji wawili kupigiwa kengele 275 ndani ya dakika 11 za mwisho. Kengele 275 ni sawa na kutokuwa na kengele. Na tarehe 14 Agosti 2003 ilitokea kinyume chake: programu ya kengele ya kampuni ya umeme ya FirstEnergy, Ohio, ilikwama kimyakimya, waendeshaji wakaamini gridi imetulia, na zaidi ya saa moja baadaye umeme ulikatika kwa watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada.

Kipimo kinachodanganya, kengele zilizozidi, kengele iliyonyamaza. Katika visa vyote vitatu vifaa vilikuwepo. Kilichokosekana ni mfumo unaojihoji wenyewe. Kwa maoni yangu hapa ndipo teknolojia mpya ina kazi ya maana kuliko zote, ingawa wauzaji huitaja mwisho. Kompyuta za sasa zinaweza kuendesha, sambamba na mtambo halisi, mfano wake wa kihesabu, unaoitwa pacha wa kidijitali. Mfano huo unasema: kama kiasi hiki kimeingia na kiasi hiki kimetoka, basi kina lazima kiwe hapa. Kihisi kikisema tofauti, mwendeshaji anaambiwa kwamba ama kihisi kimeharibika ama kuna kitu kinavuja. Huhitaji mashine ya mamilioni kuanza. Mita mbili za mtiririko, moja kwenye bomba linaloingia tangini na nyingine kwenye linalotoka, pamoja na hesabu moja ndani ya PLC, zinatosha kituo cha maji cha wilaya.

Akili mnemba nayo imeingia, na si maneno matupu. Mwaka 2016 DeepMind, kampuni ya akili mnemba iliyo chini ya Google, ilitangaza kwamba programu yake ilipunguza umeme wa kupoza vituo vya kompyuta vya Google kwa hadi asilimia 40. Mwaka 2022 kampuni za Kijapani Yokogawa na JSR zilitangaza kwamba programu inayojifunza iliendesha sehemu ya kiwanda cha kemikali siku 35 mfululizo, ikirekebisha vali katika hatua ya kutenganisha vimiminika kwa joto, kazi iliyokuwa ikifanywa na waendeshaji wazoefu kwa mkono. Kabla ya kuiachia mtambo, walikuwa wameijaribu kwanza kwenye mfano wa kompyuta. Utaratibu huo ndio wa kuiga. Programu ya aina hii ipewe mipaka isiyoweza kuivuka, na mipaka hiyo ikae kwenye kifaa kingine kabisa, cha kawaida, kisichojifunza chochote.

Kwenye umeme, kasi ndiyo inayobadilika. Gridi zetu huendeshwa kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kila sekunde, na namba hiyo hushuka mara tu matumizi yakizidi uzalishaji. SCADA ya kawaida huchukua vipimo kila baada ya sekunde kadhaa. Vifaa vipya vinavyosawazishwa kwa saa za setilaiti hupima mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila kituo kinapima kwa wakati uleule mmoja. Haja yake si ya anasa. Kila mashine moja kati ya tisa za Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, ina megawati 235. Ikizimika ghafla wakati mahitaji ya nchi ni madogo, pengo linaloachwa ni kubwa, na uamuzi wa nani azimiwe ili wengine waokolewe lazima ufanywe na mashine kabla binadamu hajamaliza kusoma ujumbe. Upepo wa Ziwa Turkana, wenye uwezo wa megawati 310, huleta ugumu wa namna yake, kwa kuwa hakuna anayeuamuru uvume. Kadiri nyaya zinavyounganisha nchi za kanda hii, hitilafu ya jirani nayo inakuwa yetu, na ndivyo vipimo vya pamoja vinavyokuwa jambo la lazima.

Sasa upande wa hatari. Tarehe 23 Desemba 2015, waendeshaji wa kampuni za umeme nchini Ukraine waliona kishale cha skrini kikitembea chenyewe na kufungua swichi za vituo vya kupoza umeme, kimoja baada ya kingine. Wavamizi walikuwa wameingia miezi kadhaa kabla kupitia viambatisho vya barua pepe. Wateja wapatao 225,000 walibaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache, na namna ulivyorudi ndiyo inayonigusa zaidi: mafundi walipanda magari, wakaenda kwenye vituo na kufunga swichi kwa mkono. Walikuwa bado wanajua kufanya hivyo, na swichi zilikuwa bado zina mkono wa kushika. Mwaka 2017 mtambo wa petrokemikali nchini Saudi Arabia ulivamiwa hadi kwenye vidhibiti vya usalama, vile ambavyo kazi yake ni kuzima kila kitu kabla watu hawajafa. Mtambo ulijizima wenyewe, na hapo uvamizi ukaanza kujulikana.

Hivyo vilikuwa visa vya wavamizi wenye uwezo mkubwa. Cha Aliquippa, mji mdogo wa Pennsylvania, kilikuwa cha kawaida kabisa. Novemba 2023 wavamizi waliingia kwenye kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji cha mji huo. Kidhibiti kilikuwa kinaonekana kwenye intaneti, na vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikivamiwa kwa nywila ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuibadilisha. Wafanyakazi wakahamia kwenye uendeshaji wa mkono, na maji hayakukatika.

Kwa hiyo mamlaka au kiwanda kinachopokea mfumo mpya kidai mambo yafuatayo kabla ya malipo ya mwisho. Nywila zote zibadilishwe mbele yenu na zihifadhiwe na ninyi, si na mkandarasi. Mkabidhiwe nakala kamili ya programu iliyo ndani ya kila PLC, pamoja na maelezo yake, katika hali inayoweza kufunguliwa na kurekebishwa. Bila hiyo, siku kifaa kikiungua mtaanza upya kwa bei ya anayejua kwamba hamna njia nyingine. Njia ya kuingia kutoka mbali ibaki imefungwa, ifunguliwe kwa kazi maalumu na ifungwe tena. Kama bodi inataka kuona takwimu ofisini, kuna vifaa vinavyopitisha data upande mmoja tu, kutoka mtamboni kwenda nje, na hakuna amri inayoweza kurudi. Na vifaa vinavyofuata viwango vya kimataifa vya wazi vipewe uzito kwenye zabuni, hata vikiwa ghali kidogo, kwa sababu mtaishi navyo kwa miongo.

Vyuo vya ufundi navyo vibadilike. Bado tunafundisha umeme upande mmoja na mitandao ya kompyuta upande mwingine, wakati paneli ya leo ina vyote ndani ya mlango mmoja. Fundi anayejua kusoma mchoro wa nyaya lakini hajui anwani ya mtandao ni nini atakwama, na mtaalamu wa kompyuta asiyejua kwamba kuzima seva kunaweza kusimamisha pampu ni hatari zaidi.

Na mara moja kwa mwaka, kwa siku iliyopangwa na kutangazwa kwa wateja, zimeni skrini. Endesheni kituo kwa mkono kwa saa chache: soma geji zilizo kwenye bomba, fungua vali kwa gurudumu lake, andika vipimo kwenye daftari la zamu na uvilinganishe na vile vilivyokuwa kwenye kompyuta. Vali zilizoshika kutu zitajulikana siku hiyo, vihisi vinavyosoma vibaya pia, na mtajua ni watumishi gani wanaohitaji kufundishwa kabla wazoefu hawajastaafu.