Je, wajua? Mpira wa ngozi wa zamani, ukiwa mkavu, haukuwa mzito kuliko huu wa leo

Wanasoka wa zamani waliozeeka na kupoteza kumbukumbu wakitajwa, jibu huwa tayari mdomoni: walipigia vichwa mipira mizito ya ngozi, siku hizi mpira ni mwepesi, tatizo limekwisha. Mfano unaotolewa mara nyingi ni Jeff Astle.

Astle alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion ya Uingereza: mabao 174 katika mechi 361. Mwaka 1968 alifunga kila raundi ya Kombe la FA, likiwemo bao pekee la fainali dhidi ya Everton, muda wa nyongeza. (Sifa yake ilikuwa vichwa, ila lile alilifunga kwa mguu wa kushoto.) Mwaka 1970 alikwenda na timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia Mexico, akapoteza nafasi ya wazi dhidi ya Brazil. Baada ya kutundika daluga alifungua biashara ya kusafisha madirisha na majengo, na gari lake la kazi likawatangazia wateja kwamba Jeff Astle hakosi kona. Alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 59. Familia yake inasema hakujua tena kwamba aliwahi kucheza mpira. Mwishoni mwa mwaka huo afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kuwa kilichomuua ni ugonjwa uliotokana na kazi yake, yaani miaka ya kupiga mpira kwa kichwa.

Sasa tuje kwenye mizani. Sheria za soka zinataka mpira uwe na gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Kiwango hicho kipo tangu 1937, na kabla ya hapo kilikuwa chini kidogo. Kwa hiyo, ukiwa mkavu, mpira wa Astle na huu wa msimu huu havipishani.

Kilichopishana ni mvua. Ngozi hunywa maji, na mpira ulioanza na uzito halali uliweza kumaliza dakika 90 ukiwa umeongezeka sana. Hapo wenye hoja ya mpira mzito wana haki yao. Wanachosahau ni kwamba mpira ulioloa haufiki mbali wala hauendi kasi, na kichwa hakipokei uzito peke yake. Hupokea uzito pamoja na mwendo. Mpira wa sasa haunywi maji, hivyo krosi ya dakika ya 88 huja na kasi ileile ya krosi ya dakika ya pili.

Na hata mwendo wenyewe hauumizi kwa namna tunayoidhania. Fuvu halipasuki, na mara nyingi hata maumivu hakuna. Chukua abiria aliyesimama ndani ya daladala. Dereva akikanyaga breki, gari linasimama ila kiwiliwili cha abiria kinaendelea na safari. Fuvu ndilo gari, ubongo ndiye abiria, ukiwa umezungukwa na majimaji yanayopunguza mshtuko bila kuumaliza. Aliyeiona breki inakuja hushika bomba kwa nguvu, na hiyo ndiyo kazi ya misuli ya shingo kwa mchezaji aliyejiandaa kupiga. Aliyekuwa anachungulia simu hurushwa. Kibaya zaidi ni kona ya ghafla: miguu inabaki ilipo, mwili unajipinda. Mpira unaokigeuza kichwa kutoka pembeni huupinda ubongo vivyo hivyo, na nyuzi ndefu za neva huvutika. Breki moja haimlemazi mtu. Hoja ni breki za kila siku, mazoezini na kwenye mechi, kwa miaka ishirini.

Nyuzi zikivutwa mara nyingi, protini iitwayo tau huachana na kazi yake na kujikusanya kwenye seli za ubongo. Mwaka 2014 Dkt. Willie Stewart wa Glasgow aliuchunguza upya ubongo wa Astle na kukuta ugonjwa wa namna hiyo, CTE, unaojulikana zaidi kwa mabondia. Kuuthibitisha bado kunahitaji kuuchunguza ubongo baada ya kifo.

Mwaka 2019 kundi la Stewart lilitoa utafiti wa wanasoka wa kulipwa 7,676 wa Scotland. Vifo vitokanavyo na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo vilikuwa karibu mara tatu na nusu ya vile vya watu wengine. Kwa hesabu kamili ni asilimia 1.7 dhidi ya 0.5, na waliokufa kwa moyo na kwa saratani ya mapafu miongoni mwa wachezaji haohao walikuwa wachache kuliko kwa watu wengine. Miaka miwili baadaye wakatazama nafasi uwanjani: mabeki ndio waliokuwa na hatari kubwa kuliko wote, karibu mara tano, ilhali makipa hawakutofautiana kwa uhakika na watu wa kawaida. Makipa! Mvua ile ile, mpira ule ule, ila wao huudaka.

Hatari haikupungua kwa waliozaliwa baadaye, wakiwemo wa miaka ya 1960, ambao walicheza pia enzi ya mpira usiokunywa maji. Tahadhari zipo. Utafiti ule haukuhesabu vichwa. Beki hupigwa viwiko na kugongana pia. Walikuwa wanaume wa nchi moja, na waliokulia kwenye mpira wa leo hawajazeeka. Utafiti wa Sweden wa 2023 ulipata ongezeko dogo zaidi, mara moja na nusu, na makipa wakasalimika tena.

Tangu 2021 miongozo ya Uingereza inawashauri wachezaji wa kulipwa wasizidishe vichwa kumi vya nguvu kwa wiki mazoezini. Kwenye mechi yenyewe hakuna kikomo.