Kujalidi vitabu nyumbani Bukavu: tazama karatasi kabla ya sindano

Kitabu kilichojalidiwa kwa mkono kikipinda jalada au kurasa zikifanya mawimbi karibu na mgongo, lawama huenda kwenye gundi au mshono. Hapa Bukavu mimi hutazama kwanza karatasi ilikunjwa upande gani. Mvua inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na hewa ya Ziwa Kivu haikauki kabisa hata kiangazi. Karatasi inakunywa unyevu huo na kuutoa, kila siku.

Karatasi ya mashine ina nyuzinyuzi zilizolala upande mmoja. Ikilowa hutanuka sana kwa kukingamana na nyuzinyuzi hizo, na kidogo mno kwa kuzifuata. Kwa hiyo nyuzinyuzi lazima zikimbie sambamba na mgongo wa kitabu, toka juu hadi chini. Zikilala kinyume, gundi ya mgongo inashika karatasi mahali ambapo yenyewe inataka kurefuka, na mawimbi yanatokea hapo. Kitabu cha namna hiyo pia hakikubali kulala wazi mezani.

Tatizo ni kwamba A4 ya kawaida ya rimu, gramu 80, mara nyingi ina nyuzinyuzi zinazofuata ule upande mrefu wa milimita 297. Ukiikunja katikati upate A5, zinakuwa zimelala kinyume. Dawa yake ni kutafuta A3 ambayo nyuzinyuzi zinafuata upande wa milimita 420, kisha kuikata katikati. Utapata A4 mbili zinazokunjika vizuri. Usiamini maandishi ya kwenye pakiti, jaribu mwenyewe. Kata kipande cha mraba, tia alama upande mmoja, lowesha uso mmoja kwa kitambaa. Kitajiviringa kama bomba, na bomba hilo linaelekea zinakoelekea nyuzinyuzi. Kuchana nako kunaonyesha: karatasi huchanika kwa mstari ulionyooka ukifuata nyuzinyuzi, na hupotoka ukizikata. Ukikosa A3 ya kufaa, tumia A4 uliyonayo, lakini gundi ya mgongo iwe kidogo sana na nzito.

Tuchukue kitabu cha mashairi cha kurasa 96. Karatasi 4 za A4 zikikunjwa pamoja hutoa fungu moja la kurasa 16. Mafungu 6 yanatosha, yaani karatasi 24 kwa kitabu. Nakala 30 zitakula karatasi 720, kwa hiyo nunua rimu mbili na zile zinazobaki zifidie zitakazoharibika. Katika fungu la kwanza, kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe 17: karatasi ya nje ina 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, inayofuata 14 na 3, nyuma 4 na 13, kisha 12 na 5, nyuma 6 na 11, ya ndani kabisa 10 na 7, nyuma 8 na 9. Fungu la pili jumla ni 49, la tatu 81, na kila fungu unaongeza 32. Chapa fungu moja tu kwanza, likunje, usome namba zote kabla ya kuachia printa kazi nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi, anza tena kwa fungu, usijaribu kukisia ukurasa uliofikia.

Printa ya leza ni bora kuliko ya wino wa maji, maana wino huo unachuja ukiguswa na gundi. Karatasi iliyotoka kwenye leza ina joto na imepinda. Iache ilale chini ya ubao hadi kesho yake ndipo uikunje.

Ukurasa wa 4 ubebe jina la mchapishaji, mji, mwaka, na ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kama unayo (tarakimu 13 tangu 2007). Usichapishe kazi ya mtu bila mapatano ya maandishi, hata akiwa ndugu yako. Haki za mwandishi nchini Kongo zinalindwa na sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na ulinzi huo unadumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki.

Kukunja: karatasi 4 pamoja, ukisugua kwa mpini laini wa kijiko au kipande cha pembe ya ng'ombe kilichosuguliwa vizuri. Sugua toka katikati kwenda nje, la sivyo mkunjo unakwenda upogo. Bana mafungu yote chini ya matofali usiku mzima.

Matundu hutobolewa kwa maharazi membamba ya fundi viatu, fungu likiwa wazi, toka ndani kwenda nje. Kwa urefu wa milimita 210 mimi natoboa sita, nikipima toka juu: 15, 60, 72, 138, 150, 195. Tengeneza kiolezo cha katoni na utobolee mafungu yote kwa kiolezo hicho hicho, bila kukigeuza juu chini. Kati ya 60 na 72, na kati ya 138 na 150, utapita utepe wa pamba wa upana wa milimita 12. Uzi unauzunguka kwa nje. Matundu ya mwisho, 15 na 195, ni ya fundo linalounganisha fungu na lile la chini yake: sindano ikitoka hapo, pitisha nyuma ya mshono wa chini, kisha ndani ya kitanzi chake, ndipo uingie fungu linalofuata.

Uzi wa kitani ndio mzuri. Usipoupata, chukua wa pamba imara uliosokotwa mara tatu, uupitishe mara mbili kwenye nta ya nyuki. Wauza asali wanayo. Nailoni ninaikataa. Inavutika unaposhona, baadaye inajikunyata na kukata karatasi kwenye matundu. Urefu: kimo cha kitabu mara idadi ya mafungu, ongeza sentimita 40, hapa ni kama sentimita 166. Ukikaza, vuta uzi kwa kufuata mgongo, kuelekea unakokwenda. Ukivuta kuja kwako, unachana mkunjo, na mchaniko huo hauzibiki. Uzi mnene nao una gharama yake: kila fungu linaongeza unene kwenye mgongo tu, na kitabu kinakuwa kama kabari.

Sasa gundi. Kwa mgongo ninatumia gundi nyeupe ya maseremala, ile inayoitwa kole, iliyo laini ikikauka. Mpako mmoja mwembamba, usukumwe kwa kidole kati ya mafungu. Juu yake bandika chachi ya famasi, iliyo pana kuliko mgongo kwa milimita 25 kila upande. Kwa jalada ninapendelea uji wa wanga wa muhogo. Unga wa foufou, yaani wa ugali wa muhogo, haufai: umechachuka na una chembe. Kwa kazi hiyo tumia muhogo mbichi: ukune, ukamue ndani ya maji kupitia kitambaa, acha maji yatulie saa chache, mwaga ya juu. Weupe unaobaki chini ndio wanga, ukaushe. Kipimo kimoja cha wanga kwa sita vya maji baridi, koroga, ndipo uweke kwenye mbabula (jiko) ya makaa, moto mdogo, bila kuacha kukoroga. Weupe wa maziwa utageuka kuwa kama kioo chenye ukungu. Kwenye kimo chetu cha mita 1,500 hivi maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95, lakini wanga unaiva chini ya hapo, kwa hiyo hakuna linaloharibika. Uji huu haukai zaidi ya siku mbili au tatu. Ukianza kunuka, mwaga. Mende na wadudu wengine wanaupenda, kwa hiyo ukichanganya nusu kwa nusu na gundi nyeupe unapunguza hatari hiyo na bado unapata muda wa kusogeza kitambaa kabla hakijashika.

Baada ya kukata kingo, kitabu kina milimita 145 kwa 205. Vibao vya jalada, vya katoni ngumu ya milimita 2, viwe 141 kwa 211. Nafasi ya kukunjia, kati ya kibao na mgongo, iwe milimita 7. Katoni ya mawimbi ya masanduku usiitumie, inabonyea. Ukipata ya milimita 1 tu, bandika mbili pamoja, nyuzinyuzi zote zikilala sambamba na mgongo.

Kikwembe (kitenge) hufanya jalada zuri sana, na kinastahili kazi moja zaidi: kibandikwe kwanza karatasi nyembamba kwa nyuma, kwa uji wa wanga, kikauke kikiwa kimetandazwa. Bila hiyo gundi inapenya na kuacha madoa usoni. Lowesha pembe moja na kuisugua kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, chagua kingine. Acha milimita 15 za kukunja pande zote, na pembe zikatwe milimita 4 toka kwenye ncha ya kibao. Ukikata karibu zaidi, katoni inachungulia.

Kikwembe kikikauka kinavuta kibao kwa nje. Karatasi inayobandikwa ndani ya jalada ndiyo inayokirudisha, kwa hiyo isiwe nyembamba sana, na ipakwe gundi yote hadi kwenye kingo. Weka karatasi ya plastiki na za kunyonya unyevu kati yake na kurasa, funga, bana kwa mawe mazito saa 24, badilisha karatasi za kunyonya unyevu, bana tena. Mbabula iwe mbali: joto la upande mmoja linapindua kibao ndani ya saa moja. Sakafu ya saruji nayo ina unyevu, hivyo kaushia juu ya meza.

Kitabu kikitoka, kisifunguliwe katikati kwa nguvu. Kilaze kwa mgongo, fungua jalada zote mbili, kisha kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, ukibonyeza taratibu karibu na mgongo, mpaka pande zote zikutane kwenye fungu la tatu na la nne.