Je, wajua kwa nini chatu anaweza kugomea chakula mwezi mzima na bado ako sawa?

Mwaka jana Julai niliachiwa nyoka. Sio utani. Rafiki yangu hapa Nakuru alienda kwao Nyakach, kaunti ya Kisumu, kuuguza mamake wiki kama tano hivi, akaniachia funguo za nyumba, maua ya kumwagilia na chatu mmoja mdogo ndani ya boksi ya kioo pale sebuleni. Hii si ile aina kubwa ya huku kwetu inayoweza kupita mita 5, ni wale wafupi wa Afrika Magharibi, Ghana na Togo huko, ambao ni nadra wapite mita moja na nusu na wakiogopa wanajikunja kama mpira. Na kabla uniulize, ndio, ako na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kuokota chatu shambani ukampeleka nyumbani ni kesi, usijaribu.

Maagizo yalikuwa mepesi: panya mmoja kila siku kumi. Siku ikafika nikatoa panya kwa friza, nikamyeyusha, nikamshika na koleo ndefu nikamtingisha mbele yake. Chatu akatoa ulimi mara mbili, akageuka akaingia kwa chungu chake kilichovunjika, ndio nyumba yake ya kujificha. Nikajaribu tena baada ya siku chache, wapi. Wiki ya tatu nikapiga simu nikijua nimeshaua nyoka wa wenyewe.

"Omera (ndugu yangu), upande wa joto unasoma ngapi?" rafiki yangu akauliza.

Nikaangalia. Nyuzi 23. Inafaa iwe kama 32, na ule upande mwingine kama 26 ndio ajichagulie mwenyewe. Kumbe stima ilipotea usiku fulani na iliporudi ile mkeka ya kupasha joto haikuwaka tena, na mimi sikuangalia. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, usiku wa Julai unajua vile kunakuwa na baridi. Angekuwa Kisumu labda hata nisingejua kuna shida.

Sasa hapo ndio jibu liko. Mimi na wewe chakula kingi tunachokula kinachomwa tu kuweka mwili moto, ndio maana ukikosa lunch unaanza kukasirikia watu. Nyoka hana hiyo gharama, joto lake linatoka nje, kwa jua, kwa jiwe, kwa mkeka, kwa hivyo akitulia anatumia nguvu kidogo sana na chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa hata miezi bila kula. Lakini hiyo hiyo ndio inamfunga: bila joto tumbo halifanyi kazi, panya ataozea ndani na itabidi amtapike. Akikataa kula kwa baridi huyo hajadeka, anajua hawezi kupika.

Na kupika kwenyewe si mchezo. Wale chatu wakubwa wa Burma walipimwa baada ya kula, moyo ukapatikana umekua asilimia 40 ndani ya siku mbili, halafu baadaye unarudi ulivyokuwa. Ndio maana ukishamlisha unamwacha siku mbili bila kumshika, hata kama wageni wamekuja na simu zao.

Sababu zingine za kugoma ni za kawaida. Akikaribia kujivua ngozi macho yanakuwa kama yamemwagiwa maziwa, haoni vizuri, mwache tu na maji safi na unyevu kidogo. Akikosa pa kujificha pia anagoma.

Nilikuwa na kosa lingine pia. Kwa midomo ana vishimo vidogo vinavyosoma joto, hata gizani anajua panya ako wapi, na mimi nilikuwa nampelekea panya baridi kama jiwe. Unamweka kwa mfuko wa plastiki ndani ya maji moto hadi apate joto la panya aliye hai. Usiweke kwa maikrowevu, tafadhali.

Nikarekebisha mkeka, nikangoja siku tatu. Rafiki yangu anasema mamake, na ugonjwa wote ule, alikuwa anauliza nyoka kwanza. Watu wa Nyakach na chatu ni stori ndefu, wana Omieri wao anayeaminika kuleta mvua na mavuno, yule wa 1987 aliungua kwa moto wa msituni akapelekwa Nairobi akafa, na 2003 alipoonekana mwingine kijijini Wasare akilalia mayai, kijiji kilijaa watu. Kwa hivyo unaelewa presha niliyokuwa nayo.

Jioni ya nne nikazima taa, nikaingiza panya moto. Kichwa kikatoka kwa chungu polepole, kikasimama, ulimi nje ndani nje ndani, halafu sikuona kitu, nilisikia tu koleo limevutwa mkononi, na nilipowasha tochi ya simu alikuwa amemzungushia mikunjo mitatu. Nikatuma picha Nyakach hata kabla hajamaliza kumeza.