Je, wajua nongo hutoka wapi?

Mtoto wa Mombasa akirudi kucheza, mamake humpitisha kidole shingoni. Vikitoka vijiuzi vyeusi, amri ni moja: "Rudi ukakoge, shingo yote nongo!" Mtoto huapa kuwa ameshakoga, na mara nyingi husema kweli.

Kila uchafu unaoganda juu ya kitu una jina lake: sufuria ina masizi, meno yana ukoga, macho yana matongo. Nongo ni ya ngozi, tena sehemu yake kubwa ni ngozi yenyewe. Seli mpya huzaliwa chini na kusukumwa juu kwa takriban mwezi mmoja, na zikifika juu huwa zimeshakufa. Nyingi hupukutika bila kuonekana. Zilizobaki hushikana na jasho, mafuta ya mwili na vumbi, hasa penye mikunjo: shingoni, nyuma ya masikio, kwapani. Wakati wa kaskazi, joto na unyevu vikizidi, jasho halikauki na nongo hupata pa kushika.

Maji nayo yana lake. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe, kwa hivyo maji mengi ya visima yana chokaa, na mengine yana chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hiyo hukataa kutoa povu, ikaacha utando wa kijivu unaonata mwilini na kwenye ndoo. Basi huenda unachokitoa kwa kidole ni mabaki ya sabuni uliyokogea.

Kinachotoa nongo ni kulowa kwanza, kisha kusugua. Wanaomsinga bi harusi wanalijua hilo vizuri. Singo, mchanganyiko wa liwa, mawaridi makavu na manukato mengine, hupakwa mwilini, ikianza kukauka husuguliwa kwa kiganja, na chembe zake hubeba ngozi iliyokufa. Povu jingi huteleza tu, ndiyo maana dodoki lenye sabuni tele halikutolei vile vijiuzi. Lakini usisugue hadi ngozi iwashe: tabaka hilo la juu ndilo linalozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie.

Sasa neno kwa wazazi, nami nalisema kwa uzito. Nongo hutoka. Weusi mnene, laini kama mahameli, unaozunguka shingo au kujaa kwapani na usiotoka hata usuguliwe vipi, si nongo. Madaktari huuita akanthosisi nigrikansi, na mara nyingi huonyesha kwamba mwili hauitikii insulini, kichocheo kinachodhibiti sukari ya damu, inavyotakiwa, hali inayoweza kuishia kwenye kisukari. Watoto wengi wenye hali hiyo husuguliwa kwa jiwe la miguu na kuaibishwa mbele ya wenzao, ilhali wanachohitaji ni kupelekwa hospitali wakapimwe sukari.