Lazima mtoto ajue kusoma ndipo afundishwe Biblia?

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto asiyejua kusoma bado hajafikia kufundishwa Biblia. Nia yao ni njema. Lakini fungua 2 Timotheo 3:15: Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, na neno la Kigiriki lililotumika pale, brephos, ndilo lililotumika katika Luka 2:12 kwa mtoto mchanga aliyelazwa horini. Zama zile wengi waliyasikia tu yakisomwa. Kumbukumbu la Torati 6:7 nayo inawaagiza wazazi wawafundishe watoto kwa kuzungumza nao: nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka.

Jaribu mwenyewe: jioni msimulie mwanao wa miaka minne habari ya Msamaria mwema, kesho mwombe akusimulie. Utamwona akimfunga mwanasesere jeraha kwa kipande cha kanga.