Jina la kitabu kutumika tayari si kosa la hakimiliki

Dada mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, alitaka kubadilisha jina la riwaya yake ya wavuvi wa dagaa, "Usiku wa Karabai", kwa sababu aliambiwa jina hilo lina mwenyewe na angeshtakiwa. Roho iliniuma. Hakimiliki hulinda maandishi yenyewe: sentensi, mazungumzo, mtiririko wa kisa. Jina la maneno mawili matatu kwa kawaida halimo. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani haisajili majina matupu ya vitabu, ingawa Ufaransa hulinda jina lenye ubunifu wa pekee.

Pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, mitumbwi miwili inaweza kuitwa Neema. Namba iliyoandikwa ubavuni ndiyo huitofautisha. Kitabu nacho kina namba yake ya utambulisho, ISBN, yenye tarakimu 13 tangu 2007.

Kesi huzuka ukichukua jina la mfululizo lililosajiliwa kama alama ya biashara, au ukiiga jina pamoja na jalada hadi mnunuzi adhani ni kitabu cha mwingine.

Nilimwomba tu atafute kwanza mtandaoni. Msomaji akiletewa vitabu 10 vya jina moja, chake atakipataje? Jina likiwa limetumiwa na wengi, aongeze neno, hata la kisiwa anachokisimulia: "Usiku wa Karabai Ukerewe".