Koko anaposema "niko muzuri", mtazame akivalishwa

Katika nyumba za wazee hapa Bukavu, ukipita asubuhi kitanda kwa kitanda ukisalimu, "Koko, umeamukaye?", jibu ni lile lile: "Niko muzuri tu, mwanangu, tunashukuru Mungu." Mimi ni muuguzi, nafundisha walezi wa wazee, na jibu hilo siliandiki kwenye karatasi ya mgonjwa. Ni adabu. Wazee wetu walilelewa wasimtwike mgeni maumivu yao. Na wengine wananyamaza kwa hesabu: dawa inauzwa, naye hana wa kumnunulia.

Kulikuwa na mama mmoja wa miaka 80 na kitu, walezi wakisema ana roho mbaya kwa kuwa aliwapiga kila walipomwosha. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikaomba avalishwe blauzi polepole. Mkono wa kuume uliingia bila neno. Ulipoguswa wa kushoto, alikunja uso, pumzi ikakatika kidogo, vidole vikashika ukingo wa godoro. Bega lilikuwa limekakamaa tangu alipopooza upande ule. Tukapatana wampe dawa kwanza, wangoje kama nusu saa, kisha mkono mgonjwa utangulie kuingia kwenye nguo. Vipigo vikapungua.

Ndiyo maana neno "ni uzee tu" linanichosha. Uzee hauumi, kinachouma ni goti, jino, kidonda, mshipa wa fahamu, na kila kimoja kina lake la kufanyiwa. Tafiti za nyumba za wazee Ulaya na Marekani hutofautiana kwa hesabu, lakini mara nyingi hukuta karibu nusu ya wakazi au zaidi wanaishi na maumivu.

Walio hatarini zaidi tunawajua. Wanawake huumia kuliko wanaume. Hapa kwetu muongeze mama aliyepanda vilima vya Bukavu miaka 30 na mzigo wa mkaa au mihogo, kamba ikipita kwenye paji la uso: shingo na mgongo wake vimekwisha kulipa. Yumo mwenye yabisi ya magoti na nyonga, aliyeteleza kwenye ngazi za udongo wakati wa mvua akavunjika, mwenye kisukari cha siku nyingi ambaye nyayo zinamwaka usiku, na aliyepona mkanda wa jeshi lakini ngozi bado inamuunguza. Huzuni nzito isiyoondoka nayo huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha huzuni. Asiyetembelewa na mtu huumwa zaidi.

Halafu yupo asiyeinuka kitandani. Viungo vinajikunja, visigino na mwisho wa mgongo vinachubuka hadi kuwa vidonda. Kumgeuza takriban kila saa 2 ni kazi ngumu kwa mlezi mmoja mwenye wazee wengi, najua, lakini kidonda kikishafunguka kazi inakuwa mara tatu. Usisahau pia mambo madogo: choo kilichofunga siku 5, mkojo uliobana, kucha iliyoingia nyamani.

Mwenye ugonjwa wa kusahau ndiye anayeonewa kuliko wote. Mara nyingi hupewa dawa ya maumivu kidogo kuliko wenzake, ingawa hakuna kinachoonyesha kwamba anaumia kidogo. Kwake tunatumia kipimo cha Wafaransa kiitwacho Algoplus, chenye mambo 5: uso, macho, sauti, mwili na tabia. Kila lililobadilika ni alama 1. Zikifika 2, mhesabu kuwa anaumwa. Mpime anapoguswa na kugeuzwa. Aliyelala kimya hakuambii kitu.

Kuhusu dawa: diklofenaki na ibuprofeni za sokoni ni hatari kwa mzee. Hutoboa tumbo likavuja damu, huharibu figo, hupandisha presha. Parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo, na kwa mzee dhaifu isizidi vidonge 6 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Mwenye ini bovu au aliyekonda sana, muulize kwanza muganga wa hospitali. Na ukiambiwa mzee wa kansa anahitaji mofini, dawa kali ya maumivu, usikatae kwa hofu ya jina. Uliza tu watafanyaje choo kisifunge, kwa sababu mofini hufunga choo.

Ukimtembelea mzee wako Jumapili, mwombe ainuke kitini mbele yako, umtazame uso. Na ukisikia alianguka, hawezi kukanyaga, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, usimkande wala usiite mtu wa kunyoosha mifupa. Hiyo huenda ni nyonga iliyovunjika. Mlaze kwenye kitu kigumu, fungeni miguu miwili pamoja kwa kitenge, mfike hospitali siku hiyo hiyo.